Barua kwa mwanangu: nyumba ya kuegesha au ya kukokota?

Mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam. Sisi hatujambo, na mguu wa mama yako umepoa, sasa hata Darajani anakwenda mwenyewe. Ujumbe wako nimeusikiliza. Muuguzi mwenzako huko Florida anakuuzia paki modeli yake, yaani nyumba ndogo ya magurudumu ya kuegesha mahali pamoja, imeshakaa kwenye kiwanja cha kukodi, ina kibaraza cha mbao na bei rahisi. Wewe unaitamani, lakini pia umeona karavani kamili, nyumba ya kukokotwa na gari, na unataka baba yako aliyezeeka kwenye nyaya na mabomba akwambie ushike ipi.

Shika karavani. Mikataba yako ni ya wiki 13, leo uko hospitali hii, kesho jimbo jingine. Paki modeli magurudumu inayo, ila ni ya kuifikisha inapokwenda kukaa. Kwa kipimo cha huko haizidi futi za mraba 400, yaani kama mita za mraba 37, na nyingi zina upana wa futi 11 au 12, wakati barabara kuu za Marekani zinaruhusu futi 8 na nusu bila ya kibali. Siku ukitaka kuihamisha utatafuta lori la kazi hiyo na kibali, ubomoe kibaraza, ukate mabomba, ufungue na mikanda ya chuma inayoifunga chini kwa kuogopa vimbunga. Nahisi ndiyo maana mwenzako kashusha bei. Anaondoka, lakini hawezi kuondoka nayo.

Ndani ni nzuri, sibishi. Friji la nyumba hasa, dari ya juu, kitanda unakizunguka pande zote. Lakini umeme wake wa volti 120 unatoka kwenye nguzo ya kiwanja, maji kwenye bomba la kiwanja, na choo kinamwaga moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu la hapo hapo. Nyingi hazina tangi hata moja. Ukishaikata na kiwanja huna taa wala maji.

Na kiwanja si chako. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko upana. Wazee wetu wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe hapa Unguja, walikuwa na nyumba zao wenyewe, udongo na makuti, juu ya ardhi ya watu wengine, na kila mwezi wakidaiwa kodi ya ardhi. Kodi ikapanda mpaka 1928 wakagoma kulipa. Mwenye nyumba isiyobebeka hana pa kwenda mwenye ardhi akiongeza bei, na mwenye kiwanja huyo wa Florida anaweza kuongeza kodi mkataba ukimalizika. Viwanja vingine huko vinapokea waliotimiza miaka 55 tu, vingine havitaki mtu akae mwaka mzima. Mwenzako kakueleza hayo, au kakuonesha kibaraza tu?

Karavani kamili inajitegemea kwa siku kadhaa. Ina betri za volti 12, mitungi ya gesi ya jiko na ya maji moto, na matangi matatu: la maji safi, la maji ya karo na kuogea, na la choo. Hilo la choo ndilo litakalokusumbua, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukifika kiwanja chenye bomba la maji machafu usiiache vali yake wazi ukidhani unajirahisishia. Maji yatatangulia, uchafu mzito utabaki chini, ugande. Ifunge, tia maji mengi kila ukitumia choo, subiri tangi likaribie kujaa ndipo ufungue kwa mkupuo. Halafu fungua la maji ya kuogea, yale ya sabuni yausafishe mpira wa kumwagia. Na uvae glavu, wewe muuguzi sikufundishi.

Kabla hujalipa, panda juu ya paa. Bonyeza pembeni mwa madirisha ya hewa kwa kidole. Ukiona gundi imepasuka au mbao inabonyea, maji yameshaingia, achana nayo. Kagua na pale vyumba vya kusukuma nje, vile vinavyotoka kuipanua karavani ikiegeshwa, vinapokutana na ukuta. Uzito nao, soma kibandiko cha karavani na cha gari litakaloikokota, usimsikilize muuzaji. Wauzaji wa magari ni wale wale, huko na hapa kwetu Amani.

Lile wazo lako la kuja kuiweka shamba Bububu ukistaafu, lisahau. Paki modeli haiingii kwenye kontena, na zote mbili zimefungwa nyaya za volti 120 na sisi hapa Zanzibar tuna 230. Transfoma itatatua volti, mchwa je, nani atawatatua? Hela ya kusafirishia inatosha kuanzia msingi wa matofali.

Ukipata karavani unayoitaka nitumie picha. Mama yako anataka za jikoni. Mimi nitumie za paa, za chini kwenye ekseli, na za vali za matangi, mchana kweupe, si usiku kwa taa ya simu kama zile ulizonitumia.

Baba yako,
Kikwajuni