Hesabuni kura za dada mkuu mbele ya wanafunzi

Mwalimu mwenzangu, ukitaka kijana wa kidato cha tano authamini uchaguzi, usianze na ibara za katiba. Anza na uchaguzi wa dada mkuu na kaka mkuu.

Nayasema haya kwa uchungu. Shule niliyoanzia kazi, wanafunzi walipiga kura, sisi tukabeba sanduku hadi ofisini tukahesabu mlango umefungwa. Aliyeongoza ni binti aliyekuwa akihoji kila mara habari za chakula. Ikasemwa atatusumbua, akatangazwa aliyemfuatia. Nilikuwemo kikaoni na nikanyamaza. Mwaka uliofuata karatasi nyingi zilirudi tupu, na nyingine ziliandikwa: "Mnamjua tayari." Vipindi vyangu vyote vya Uraia havikuweza kufuta maneno yale mawili.

Hapa Mufindi nilipo sasa, tunahesabu bwaloni usiku uleule, hata Juni baridi ikiwa kali na watoto wamejitanda mashuka. Kila mgombea ana wakala wake. Karatasi inainuliwa juu, jina linasomwa, mwanafunzi anachora mstari ubaoni. Kura ikiwa na utata, mawakala wanaitazama kwanza kabla haijaitwa imeharibika. Kituturi, yaani kificho cha kupigia kura, tunakitengeneza kwa meza na blanketi. Matokeo yanabandikwa mlangoni, na aliyeshinda ndiye kiongozi, tumpende tusimpende. Hapo walimu ndipo tunapopata shida zaidi kuliko wanafunzi.

Hatua ya pili ni kuwapeleka mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria hufanyika walau kila miezi mitatu, na wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Nilimwendea mwenyekiti nikamwomba wanangu wakae pembeni wasikilize. Akasema, "Waje, mwalimu, ila wasipige kelele." Walikaa kimya saa mbili. Njiani kurudi kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona hela za miti hazikusomwa?" Alikuwa amenakili taarifa yote ya mapato na matumizi kwenye daftari lake la hesabu. Nilimwambia swali hilo akaliulize kijijini kwao, maana mwaka ule alikuwa anatimiza 18.

Sasa jambo ambalo wengi tunalisahau, nalo linawanyima vijana kura kuliko uvivu. Uandikishaji ukifika, tunawapanga mstari wanafunzi wetu wa bweni wakajiandikishe kituo cha jirani, tunafurahia idadi. Lakini kidato cha sita humaliza Mei, na uchaguzi mkuu kwa kawaida huwa Oktoba. Siku ya kura kijana yuko kwao Makete au Mbarali, kituo chake kiko Mafinga, nauli hana. Kwa hiyo muulize kwanza: Oktoba utakuwa wapi? Kama atakuwa nyumbani, ajiandikishe huko wakati wa likizo, au aende kuhamisha taarifa zake Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linapoboreshwa. Na asikatae kwenda eti bado ana 17. Akiwa atatimiza 18 ifikapo siku ya kupiga kura, anaandikishwa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake peke yake. Mwaka 2024 watu walijiandikisha Oktoba kwa ajili ya kura ya Novemba 27, na wapo waliobaki nyuma wakidhani kadi ya mpiga kura inatosha. Waeleze mapema, maana mwenyekiti wa kijiji ndiye watakayegongana naye kila siku.

Kuna kijana aliniambia mbele ya darasa zima kwamba kura haibadilishi kitu. Sikubishana naye. Nilimwomba awe wakala wa mgombea wa ukaka mkuu. Usiku ule alisimamisha hesabu mara mbili, akataka karatasi moja irudiwe kusomwa, nasi tukairudia.