Tahoe ya fo-wili, rimu 22 na winta ya Minnesota: nifunge tairi gani?

SWALI: Habari kaka fundi. Niko Brooklyn Park hapa Minnesota, nimenunua Chevrolet Tahoe ya 2018 fo-wili, iko na rimu za 22 na matairi bado mazuri tu, yameandikwa M+S. Nafanya shifti ya usiku, asubuhi narudi nimechoka na barabara imeganda. Jirani anasema fo-wili yatosha, bwanangu anasema ninunue tairi mbili za winta za nyuma tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, usimsikilize yeyote hapo, na shemeji anisamehe.

Tuanze na jirani. Fo-wili inakusaidia kuondoka, basi. Ukikanyaga breki gari zote ziko sawa, yenye fo-wili na isiyo nayo, na hapo Tahoe yako ina karibu tani 2 na nusu kabla hujapakia watoto, mzigo wote huo unashikwa na vipande vinne vya mpira vinavyogusa barabara, kila kimoja hakizidi sana kiganja cha mtu mzima. Ndio maana hata haya makubwa yanatolewa mtaroni baada ya theluji, mtu anaondoka vizuri kwenye taa akadhani barabara ni nzuri, kumbe. Mimi mwenyewe winta yangu ya kwanza nilipita stop nimeshika breki mpaka mwisho, gari linaenda tu kama mtumbwi, bahati hakukuwa na mtu.

Sasa hizo M+S. Herufi hizo (mud and snow, matope na theluji) zinasema umbo la kashata tu, yaani ile michoro ya mpira inayokanyaga barabara, hazina maana tairi limepimwa kwenye theluji. Tafuta ubavuni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo limefanyiwa jaribio. Ila nalo jua mpaka wake, jaribio lenyewe linapima tairi linavyovuta kwenye theluji iliyoshindiliwa, halipimi breki kwenye barafu. Kwa barafu kinachokuokoa ni mpira laini na vile vijimkato vyembamba kama vya wembe vilivyojaa kwenye kashata. Tairi la kawaida likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, yaani kama 45 za Farenhaiti za kwetu huku, linaanza kukakamaa. Siku ya baridi kali toka nje ubonyeze ukucha kwenye tairi lako, halafu ubonyeze la winta la mtu mwingine, utaelewa bila mimi kueleza. Na usidanganyike na yale ya matope yenye meno makubwa, yanatisha kwa macho lakini kwenye barafu ni mbao tupu.

Mbili za nyuma hapana kabisa. Nyuma itashika, mbele itakataa kona. Ukifunga mbele peke yake ndio mbaya zaidi, matako ya gari yanakuja kukusalimia dirishani. Funga nne.

Ningekuwa wewe ningeacha hizo 22 kwa ajili ya kiangazi nikatafuta rimu za 18 hata za mtumba, matundu 6 ya nati, halafu tairi 265/65R18, ndio saizi iliyokuja na Tahoe za kawaida za mwaka wako. Ni jembamba kidogo kwa hiyo linakata theluji badala ya kupanda juu yake, na ubavu ni mnene, mashimo ya Machi hayakuvunjii rimu. Lakini kama yako ina breki kubwa za Brembo pima kwanza, huenda 18 ikagoma kuingia. Angalia pia namba ya uzito, ile inayofuata saizi ubavuni, isiwe chini ya ile ya tairi zilizotoka na gari kiwandani, 114 ni kilo 1,180 kwa kila tairi. Blizzak ya Bridgestone, X-Ice ya Michelin, Hakkapeliitta ya Nokian, yoyote hapo hutajuta. Yenye misumari achana nayo, Minnesota mkazi haruhusiwi.

Pesa ikibana, CrossClimate2 ya Michelin ina alama ya mlima na unakaa nayo mwaka mzima, kwa mjini inakwenda, ila kwa mtu wa alfajiri kama wewe mimi roho haitulii.

Upepo nao usisahau. Kila ikishuka nyuzi 10 za Farenhaiti unapoteza kama psi 1, kwa hiyo ukijaza 35 kwenye gereji yenye nyuzi 70, asubuhi ya hasi 10 una 27 tu, na taa ya upepo ikiwaka kwenye dashibodi sio senso mbovu. Pima kabla hujaendesha.

Funga kabla Novemba haijakolea, nati zikazwe futi-pauni 140, zirudiwe baada ya maili 50 hivi. Na hizo 22 mwambie shemeji azioshe chumvi azihifadhi gerejini mahali pakavu, Aprili zinarudi.