Pasipoti na pesa safarini: zitenganishe

Dada, umeuliza kama pasipoti, kadi zote na pesa taslimu viingie kwenye kimkoba cha kiunoni ulichonunua. Hapana. Kimkoba hicho kikiondoka, umebaki na nguo ulizovaa tu.

Gawanya. Pasipoti na noti kubwa zikae humo, ndani ya nguo, na usikipapase kila dakika penye msongamano; unamwonyesha mwizi pa kupeleka mkono. Matumizi ya siku na kadi moja weka kwenye pochi, mfuko wa mbele. Kadi ya pili ibaki kwenye begi lililofungwa, hata ndani ya soksi.

Piga picha ukurasa wa pasipoti wenye sura yako na ule wa viza, ujitumie kwa barua pepe. Chapa nakala pia, maana simu nayo huibwa. Nakala haikuvushi mpaka, ila pasipoti ikipotea inarahisisha kazi ubalozini unapoomba hati ya dharura ya kusafiria. Anzia polisi, uchukue ripoti ya upotevu.

Kuna jambo wengi hulisahau: namba ya simu ya kufungia kadi huwa nyuma ya kadi yenyewe. Kadi ikiibwa, namba imekwenda nayo! Iandike kwenye karatasi kabla hujaondoka.

Na mashine ya kutolea pesa ikikuuliza ukatwe kwa sarafu ya kwenu au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ile nyingine kwa kawaida kiwango chake cha kubadilishia ni kibaya.