Kupiga picha mabasi Malindi: simama upande wa jua, na usingoje basi lioshwe

Ndugu yangu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umenunua kamera ya mitumba, unakaa Malindi, mabasi unayapenda tangu utotoni, lakini kila ukipiga, ubavu unatoka mweusi kama chungu. Makanga wanakufokea, na nyumbani wanakuuliza picha za mabasi zitakuletea nini. Mimi nilianza 2011, na nina studio ndogo ya picha za pasipoti hapahapa mjini. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Weusi wa ubavu kwanza, kwa sababu hapo kamera yako haina kosa. Kenya tunaendesha kushoto, na mlango wa abiria uko kushoto. Barabara yetu ya Mombasa, ukiacha kona zake, inashuka kusini huku bahari ikiwa mashariki. Kwa hivyo basi linaloshuka Mombasa, ubavu wake wa mlango unatazama baharini, na asubuhi jua linatoka hukohuko. Simama ukingo wa upande wa bahari, jua likupige kisogoni, na utaona kila kitu: jina, madirisha, rangi, makanga aliyeshika chuma cha mlango. Ukivuka ukasimama ng'ambo, basi lilelile, dakika ileile, litakutokea kivuli kitupu. Jioni mambo yanageuka. Jua limehamia bara, na sasa la kupiga ni lile linalopanda kwenda Mambrui, Gongoni, Garsen hadi Mokowe, kwenye gati la kuvukia Lamu, kwa kuwa ubavu wake wa mlango ndio unaotazama magharibi. Asubuhi piga yanayoshuka, jioni piga yanayopanda. Ukishika hilo tu, nusu ya picha zako zitapona wiki hii.

Kuna la pili, ambalo mimi lilinichukua miaka kulifahamu. Mwezi wa kumi na mbili, kaskazi ikivuma, jua liko kusini yetu, kwa hivyo asubuhi linamulika ubavu na uso wa basi la Mombasa kwa pamoja. Mwezi wa sita, wakati wa kusi, jua liko kaskazini, na jioni linamulika ubavu na uso wa basi la Garsen vilevile. Ukitaka ile picha ya pembeni inayoonyesha uso na ubavu kwa wakati mmoja, fuata misimu hiyo. Saa sita za mchana weka kamera ndani, hasa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa kumi, jua linapopita utosini kabisa. Paa linawaka, ubavu unazama gizani, na hakuna programu itakayoutoa humo. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi, na saa kumi mpaka karibu na magharibi, hiyo ndiyo riziki yetu.

Pa kusimama: tafuta tuta. Usikae mahali barabara imenyooka ukimbizane na mashine ya tani kumi na tano. Dereva anakuja na mwendo wake, anakanyaga breki, pua ya basi inainama. Tairi za mbele zinapanda tuta, zinashuka, halafu kuna kitambo kifupi, kabla tairi za nyuma hazijafika, ambapo basi limetulia sawasawa kama meza. Hapo ndipo pa kubonyeza. Ukiwahi, basi linaonekana linaanguka kifudifudi. Ukichelewa, mkia umeinuka. Simama hatua kumi na tano hivi baada ya tuta, nje kabisa ya lami, na uwaache waendesha bodaboda nafasi yao ya kukwepa.

Tuta linakusaidia na jambo jingine. Mabasi mengi mapya yana vibao vya taa vinavyoandika yanakokwenda, na taa hizo huwaka na kuzima upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. Ukiweka kasi ya shata ya kamera 1/1000 ya sekunde utapata nusu ya herufi, na MALINDI itasomeka kama meno yaliyong'oka. Shuka mpaka 1/125 au chini ya hapo. Kwenye barabara wazi kasi hiyo itakupa ukungu, lakini tutani basi linatambaa, kwa hivyo unapata kibao na basi, vyote vikiwa safi. Kwa simu, gusa skrini palipo na ubavu wa basi ili ipime mwanga hapo na si mbinguni. Basi jeupe huidanganya kamera ikadhani kuna mwanga mwingi, kwa hivyo ongeza mwanga kidogo.

Sasa makanga. Mwaka wangu wa kwanza nilinyang'anywa simu stendi. Matatu ya viti kumi na vinne ilikuwa imepakia watu kumi na wanane, mimi nikaipiga ikiwa imefunguliwa mlango, na kijana wa mlangoni akaamini nakusanya ushahidi wa kupeleka polisi. Alikuwa na haki ya kuogopa. Mzee mmoja aliyekuwa akisimamia foleni akaja, akaniuliza nataka nini hasa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nalipenda gari hili." Akaniangalia, akaliangalia gari, akasema, "Basi mletee mwenye gari picha yake," na simu nikarudishiwa. Kesho yake asubuhi nikachapa mbili saizi ya postikadi. Dereva aliishika kwa ncha za vidole kama anayeshika cheti, akaisogeza mwangani, akamwita makanga, akamwonyesha mchoro wa nyuma ambao yeye mwenyewe alikuwa amemlipa fundi auchore. Kisha akaichomeka pembeni ya kioo cha mbele. Ilikaa pale mpaka ikapauka. Tangu siku hiyo hakuna aliyenigusa stendi.

Kwa hivyo usianze na kamera. Anza na salamu, keti kibandani, kunywa chai ya rangi, watu wakuzoee. Ukipiga, chapisha, peleka. Kuchapa picha moja kuna gharama ndogo mno ukilinganisha na mlango unaokufungulia: utaambiwa basi gani limetoka kupakwa rangi, lipi linauzwa, lipi litapita saa ngapi. Na heshimu abiria. Mama aliyekaa dirishani hakupanda basi ili awe kwenye picha zako. Ngoja, au muombe. Mahali penye kizuizi cha polisi au wanajeshi, kamera iingie mfukoni kabla hujafika. Barabara ya Lamu imepitia mashambulizi mengi, na askari wa pale hana muda wa kusikiliza habari za mapenzi yako na mabasi.

Nikufikishe kwenye kosa langu kubwa. Kabla ya barabara ya Garsen kwenda Lamu kutiwa lami, mabasi ya Mokowe yalifika hapa mekundu. Si vumbi tu. Wakati wa mvua matope yalipanda mpaka madirishani, yakakauka, yakapasuka kama ngozi ya mamba, na kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na nusu duara mbili ambapo mtu alijaribu kufuta kwa mkono ili aone nje. Juu kulikuwa na magunia, magodoro, baiskeli, vyote rangi moja. Ukiyaona ulijua watu wale wametoka mbali. Nami, kwa kuwa nilitaka picha "nzuri", nilikuwa nangoja. Nilikuwa namuuliza utingo wataosha saa ngapi, nikarudi baadaye basi likiwa linang'aa, nikapiga. Nilifanya hivyo miaka kadhaa. Leo lami imefika, basi la Mokowe linaingia Malindi safi, na katika maelfu ya picha zangu nina mbili tu zenye matope yale, zote nilizipiga kwa sababu nilikuwa na haraka. Nikiziangalia hizo mbili nasikia harufu ya safari. Yale mengine yaliyooshwa yangeweza kuwa yametoka Mtwapa, kwenye lami tupu.

Kwa hivyo piga basi lilivyo. Bampa lililopinda, kioo kilichobandikwa karatasi, maandishi ya HASIDI HANA SABABU yaliyoanza kubanduka. Usikimbilie yale ya michoro mikubwa na taa za rangi peke yake, hayo yana wapigaji wengi. Piga nissan, ile matatu ndogo, ya Watamu isiyo na jina, inayoingia kona ya Gede kila siku bila kuangaliwa na mtu. Piga minibasi ya Isuzu ya viti thelathini na vitatu. Maisha ya gari la abiria ni mafupi: linauzwa, linabadilishwa jina, linapakwa rangi nyingine, na mara nyingine hata bodi hung'olewa likajengwa upya juu ya chesisi ileile. Hilo watu wengi hawalijui. Mabasi yetu mengi huja chesisi tupu, injini na usukani, na bodi hujengwa hapa Kenya kwa mikono ya mafundi, bati na riveti. Tafuta kibati cha mjenzi karibu na mlango. Ukishazoea, utaanza kumtambua mjenzi kwa mkato wa dirisha la mwisho tu.

Na andika. Picha isiyo na maelezo ni bubu. Mimi huandika tarehe, mahali, njia, aina ya chesisi, na namba ya gari. Namba zinakwenda kwa mfuatano, kwa hivyo KB imetangulia KC, na KC imetangulia KD. Ukiona herufi unajua takriban gari lilisajiliwa lini, hata miaka ishirini baadaye. Weka nakala mahali pawili. Simu yangu moja ilizama majini nikivuka kutoka Mokowe kwenda Lamu mjini, na safari nzima ikaenda nayo.

Sasa la nyumbani, wanaokuuliza picha hizi zitakuletea nini. Nitakueleza kilichotokea studioni kwangu. Alikuja dada mmoja na picha ya zamani atengenezewe. Ni mama yake, kijana, amevaa leso, amesimama stendi ameshika kapu. Mama alikuwa ameshafariki, na nyuma ya picha hakukuandikwa chochote. Dada alitaka kujua ni mwaka gani, kwa sababu alikuwa akijiuliza kama yeye alikuwa ameshazaliwa. Nikaiweka kwenye mashine, nikaikuza. Nyuma ya bega la mama kulikuwa na matatu. Namba yake inaanza na KA, na mfuatano huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Na ubavuni hakuna mstari wa njano. Ile mistari ililazimishwa mwanzoni mwa 2004, pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80, wakati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi. Kwa hivyo picha ilikuwa kati ya hapo na hapo. Nikaichukua herufi ya tatu, nikailinganisha na picha nilizoandika mwenyewe na nilizokusanya kwa watu, nikamwambia: katikati ya miaka ya tisini. Akahesabu kwa vidole. Akasema, "Basi alikuwa na mimi tumboni." Akakaa kwenye kiti cha wateja kwa muda, nami nikafunga mlango ili asisumbuliwe.

Aliyempiga picha mama yule hakuwa akipiga picha ya matatu. Gari lilipita tu nyuma yake.

La mwisho ni chumvi na unyevu. Hewa yetu inakula kamera. Kuvu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na ikishaota, lenzi hairudi kama ilivyokuwa. Tia kamera kwenye deli la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara. Ukitoka ufukweni futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kula.

Jumamosi hii, Mungu akipenda, nitakuwa barabara ya Mombasa upande wa bahari, kuanzia saa moja asubuhi. Uliza stendi, watakuelekeza nimesimama tuta gani. Njoo na hiyo kamera tuione.

Na nina ombi kwako na kwa yeyote anayesoma. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa 1991, kila basi la Malindi lilivuka pale kwa feri. Wazee wetu wote walishuka kwenye mabasi, wakasimama pembeni, wakavuka nayo. Nimeitafuta picha ya basi juu ya feri ile kwa watu wa hapa, nyumba kwa nyumba, na bado sijaipata, kwa sababu lilikuwa jambo la kila siku. Kama kwenu kuna albamu ya zamani, ifungue uangalie nyuma ya watu. Ukiiona, niletee studioni, nitaitengeneza na kukurudishia ya kwako siku hiyohiyo, bila malipo.