Maswali ya Wasomaji: Hopsi imechanua ikiwa kimo cha goti

Swali: Hopsi yangu iko kwenye pipa hapa Raskazone, Tanga, tangu masika. Mbolea inapata, maji inapata, lakini haijafika hata mita moja na tayari imetoa maua, tena machache. Inakosa nini?

Jibu: Inakosa mchana mrefu. Hopsi ni mmea unaopanda kwa kujizungusha, na maua yake ya kike, yaitwayo koni, hutiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu. Kwao hopsi ni mbali na ikweta, nyuzi 35 hadi 55 hivi, ambako majira ya joto jua hukaa angani saa 15 au 16. Mchana ukiwa mrefu mmea hukimbilia juu. Ukianza kufupika, huchanua. Tanga iko nyuzi 5 kusini, na mwaka mzima mchana wake hauvuki saa 12 na nusu. Hopsi ikichipua hapa huona msimu ndio unaisha, basi inachanua upesi kabla haijakua. Usiiongezee mbolea. Naitrojeni ikizidi utapata majani laini tu, na utitiri mwekundu unayapenda sana hayo.

Dawa ni taa. Wakulima wa Florida huwasha taa shambani, na wale wa George, Afrika Kusini, walizitumia pia kabla ya kupata aina zinazovumilia mchana mfupi. Kwa pipa moja, balbu mbili za LED za wati 9 zinatosha: moja itundike juu ya mmea, nyingine ubavuni, mwanga ufike kwenye majani yote. Funga taima iwashe saa 12 kasoro robo jioni, kabla giza halijaingia, na izime saa 4 usiku. Umeme ukikatika usiku mmoja si hoja. Ukikatika siku nyingi mfululizo, mmea utaanza kuchanua, kwa hiyo aliye na betri ya sola aiunganishe huko.

Maua yaliyopo yakate, shina lishushe hadi sentimita 5 juu ya udongo, uanze upya chini ya taa. Mmea ukifika mita 4 au 5 na kuanza kutoa matawi ya pembeni, zima taa moja kwa moja. Hapo ndipo unapoutaka uchanue. Ukishazima na maua hayaji, angalia taa ya ulinzi ya jirani. Mwanga mdogo tu wa usiku unaweza kuuzuia.

Kamba tumia ya katani au ya usumba. Shina la hopsi lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, na kwenye nailoni laini linateleza. Acha machipukizi mawili au matatu kwa kila kamba, mengine yang'oe. Yazungushe kufuata mishale ya saa ukitazama kutoka juu. Maharage hupanda kinyume chake, ndiyo maana wengi huyazungusha vibaya na kesho yake wanayakuta yamejifungua.

Swali: Lushoto kuna baridi. Huku nako nahitaji taa?

Jibu: Unahitaji. Baridi ya Usambara inaupunguzia mmea mateso ya joto, ila urefu wa mchana wa Lushoto ni ule ule wa Tanga mjini. Tena kwa ukungu wa milimani, ng'oa majani yote ya mita ya kwanza kutoka chini ili upepo upite. La sivyo utaona majani yana mabaka ya njano juu na unga wa kijivu chini yake.

Swali: Nitajuaje koni zimekomaa, na nizikaushe vipi hapa Pongwe? Za kwanza nilizianika juani, zikanuka kama jibini iliyooza.

Jibu: Pasua koni kwa urefu. Ndani, kwenye mzizi wa kila gamba, kuna chembechembe za unga unaonata. Ukiwa wa njano iliyopauka, subiri. Ukiwa wa njano iliyokolea na ukiusugua harufu inapanda puani, vuna. Koni iliyokomaa ni nyepesi, ukiibonyeza inarudi, na inachakarisha kama karatasi. Mwenye mizani apime gramu 100, azikaushe kwenye oveni mpaka uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 20 hadi 23, wakati umefika.

Ile harufu ya jibini ni uchungu wa hopsi uliooza kwa hewa, na jua na joto viliharakisha. Kausha kivulini, kwa joto lisilozidi nyuzi 50. Lakini kivuli peke yake hakitoshi pwani: hewa yetu ina unyevu mwingi, na koni zitakauka majani huku kikonyo cha katikati kikibaki kibichi. Tengeneza boksi la plaiwudi lenye tundu chini na tundu juu. Chini weka balbu ya kizamani ya wati 100, mbali na mbao, na feni ndogo ya kusukuma hewa. Juu weka trei za wavu wa dirisha. Chandarua usitumie, vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu. Jiko la mkaa nalo usilisogeze, mafuta ya hopsi hunyonya moshi na bia yako itakuwa na ladha ya samaki wa kukaushwa.

Tandaza koni kwa unene usiozidi sentimita 5, geuza kila baada ya saa mbili, na kipimajoto kikae kwenye trei ya chini. Zimekauka pale kikonyo kinapokatika "tak" badala ya kupinda. Gramu 500 mbichi zitakupa 110 hadi 125 kavu. Ukipata 150, rudisha bokseni. Zikishapoa zitie mfukoni siku ile ile, kamua hewa yote, uweke kwenye friza. Zikilala mezani usiku mmoja zitarudi kuwa laini.

Swali: Kwa lita 20 za bia niweke kiasi gani?

Jibu: Gramu 20 hadi 30 kavu, dakika 5 za mwisho za kuchemsha, kwa ajili ya harufu. Uchungu, ambao unahitaji kuchemka saa nzima, utoe kwenye hopsi ya dukani iliyoandikwa asilimia ya uchungu wake kwenye pakiti, kwa kuwa ukali wa yako huwezi kuujua bila maabara. Ukitumia koni mbichi badala ya kavu, weka mara tano ya gramu hizo. Makapi yafukie mbali na mbwa: akiyala, joto lake hupanda na anaweza kufa.

Swali: Naweza kuagiza mbegu nje?

Jibu: Agiza tunguu la mmea jike. Baadhi ya mbegu zitatoka madume, wasio na koni. Vyovyote vile, omba kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na muuzaji atume cheti cha afya ya mmea pamoja na mzigo.