Pasi ya Treni au Tiketi Moja Moja? Nililipa Mara Mbili Ndipo Nikaelewa

Karani aliigeuza kompyuta yake ili nione mwenyewe. Treni ya mwendokasi ya saa nne asubuhi ilikuwa na viti tele, lakini kwenye mstari wa abiria wenye pasi palisomeka sifuri. Ya saa sita, sifuri. Ya saa nane, sifuri. Nikamsogezea tena simu yangu, kana kwamba mara ya kwanza hakuiona vizuri: pasi ya siku 7, imelipiwa, bado ina siku 4. Akatikisa kichwa kwa upole. Viti vipo, akaniambia, ila vya watu wa pasi vimekwisha. Nikalipa nauli ya papo kwa papo, ambayo ndiyo ghali kuliko zote, huku pasi iliyonigharimu mamia ya euro ikiwa imelala mfukoni.

Hiyo ilikuwa Ufaransa, safari yangu ya kwanza ndefu ya reli ugenini, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ukishakuwa na pasi ya Eurail, yaani tiketi moja unayoilipia siku kadhaa za kusafiri, unapanda treni yoyote, wakati wowote, katika nchi 33 za Ulaya. Hakuna aliyenidanganya sana. Pasi inakulipia nauli, lakini kiti ni habari nyingine. Treni za mwendokasi za Ufaransa (TGV), za Hispania, za Italia (Frecciarossa) na zile za Eurostar zinazokwenda London zote zinataka uweke nafasi ya kiti na uilipie, pasi au hakuna pasi. Ndani ya Ufaransa nafasi hiyo huwa kati ya euro 10 na 20 kwa safari, na viti wanavyotenga kwa wenye pasi vina kikomo. Ouigo, zile treni za bei nafuu, pasi haziitambui kabisa.

Ukivuka kuingia Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji au Uholanzi, mambo yanageuka. Treni nyingi za huko unapanda tu, unatafuta kiti kisicho na mtu, unakaa. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza kama anunue pasi, namuuliza kwanza anakwenda nchi gani. Aliyepanga Paris, Barcelona, Madrid na Roma namwambia anunue tiketi zake moja moja, mapema, na hata asijisumbue kupiga hesabu ya pasi.

Wengine wote tunakaa chini na karatasi. Mimi hutumia ukurasa mmoja wa daftari: kushoto safari, kulia nauli ya tiketi ya kawaida kwa tarehe ile ile, kama ningeinunua leo. Halafu nachukua bei ya pasi na kuigawa kwa siku zake. Tuseme pasi ya siku 7 ni euro 380. Kila siku inakuwa imekugharimu euro 54 na ushehe. Sasa pitia safari zako moja baada ya nyingine. Munich hadi Vienna, saa nne njiani, ukinunua siku yenyewe utalipa zaidi ya hapo bila shaka. Hiyo ni siku ya pasi. Brussels kwenda Bruges ni kama saa moja, na tiketi yake haifiki euro 20. Katika safari ile ya kwanza niliichoma siku nzima ya pasi kwa Bruges, na kurudi jioni nikajiona mjanja kwa sababu "sikulipa kitu." Nililipa 54 kwa safari ambayo kwenda na kurudi isingefika 40.

Ndiyo maana napenda pasi yenye siku chache kuliko safari zangu. Siku 4 ndani ya mwezi mmoja, kwa mfano, nazitunza kwa safari ndefu nne, na vijisafari vya jirani nanunua dirishani. Watu wengi hudhani ni lazima uchague upande mmoja. Hapana. Uswisi hata wana kadi ya mwezi mmoja kwa wageni, inayokukatia nusu ya bei ya treni, mabasi na meli za ziwani, na kwa anayekaa mji mmoja na kutoka mara chache naiona nzuri kuliko pasi ya kila siku.

Bei zenyewe nazo hazisimami, kwa hiyo ushauri wa zamani unaoza. Mfano ninaoupenda ni Japani. Kwa miaka mingi kila mtu alisema nunua JR Pass, pasi ya reli ya huko, kwanza, mengine baadaye, na ilikuwa kweli: pasi ya siku 7 iliuzwa yeni 29,650, na kwenda Kyoto na kurudi Tokyo kwa shinkansen, treni yao ya mwendokasi, ni kama yeni 28,000. Safari moja tu na ziada kidogo, pasi imejilipa. Oktoba 2023 wakaipandisha hadi yeni 50,000. Sasa hata ukitoka Tokyo ukafika Hiroshima na kurudi, bado hujaifikia. Na ukitaka kupanda Nozomi, ambayo ndiyo ya haraka, unaongeza pesa juu ya pasi. Rafiki yangu mmoja aliinunua mwaka uliofuata kwa kufuata makala ya miaka ya nyuma, akaenda Kyoto akarudi. Tulipopiga hesabu alinyamaza muda mrefu. Kule siku hizi natafuta kwanza pasi ndogo za eneo moja, na kama hazilingani na safari yangu, nanunua tiketi.

Lakini nisiifanye pasi ionekane wizi. Safari yangu ya pili nilishuka kutoka Munich nikiwa nimepanga kulala Salzburg. Treni ilipoingia stesheni mvua ilikuwa inamwagika kiasi kwamba watu waliokuwa wakisubiri walijibana wote ukutani. Nilikuwa nimeshasimama na begi mgongoni. Nikalirudisha juu, nikakaa, nikaendelea hadi Vienna. Tiketi ya punguzo isingenipa uamuzi huo, kwa sababu inakufunga kwenye treni moja na saa moja, na nyingi hazirudishiwi pesa. Treni ya kwanza ikichelewa na tiketi ya pili umeinunua kivyake, hiyo ya pili inaweza kufa mkononi mwako. Mwenye pasi, kwenye nchi zisizodai nafasi ya kiti, anapanda inayofuata. Kama wewe ni mtu wa kubadili mawazo, uhuru huo una thamani ya pesa. Kama hoteli zote umeshalipia na kila tarehe imeandikwa, unanunua uhuru ambao hutautumia.

Mambo mengine ya kujua, kwa haraka. Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya. Ukiwa unaishi Ulaya, hata kwa pasipoti ya kwingine, yako ni Interrail, na ndani ya nchi unayoishi inakupa safari mbili tu, ya kutoka na ya kurudi. Hadi miaka 27 unapata bei ya kijana, na kuanzia 60 kuna punguzo pia. Watoto wa miaka 4 hadi 11 husafiri na pasi ya bure wakiwa na mtu mzima, wawili kwa kila mkubwa, na hapo hesabu ya familia inaweza kupinduka kabisa. Treni ya usiku inakula siku moja tu, ile ya kuondoka, mradi usibadilishe treni baada ya saa sita usiku. Kitanda unakilipia kando.

La mwisho ni simu. Pasi sasa inakaa kwenye programu ya simu, na kila treni unaiongeza humo kabla hujapanda. Usipoiongeza, machoni mwa mkaguzi huna tiketi. Kabla ya Budapest mkaguzi alisimama juu yangu simu ikiwa na chaji ya asilimia 3, mwanga wa kioo umeshajififisha wenyewe. Alisogeza mashine yake mara tatu kabla haijalia. Siku hizi chaja huwa mfuko wa mbele wa begi, na ile karatasi ya hesabu iko nyuma yake.