Oksijeni "hubadilika", "hubadilishwa" au "hubadilishana"?

SWALI: Ninafundisha sayansi darasa la sita huku Mikindani, Mtwara. Katika jaribio la wiki iliyopita niliuliza ni nini hutokea kwenye mapafu tunapopumua, nikapata majibu ya namna tatu: "oksijeni hubadilika kuwa kabonidayoksaidi", "oksijeni hubadilishwa na kabonidayoksaidi", na "oksijeni na kabonidayoksaidi hubadilishana". Mwenzangu anayefundisha Kiswahili anaona yote ni yale yale, kwa kuwa mzizi ni mmoja. Nisahihisheje?

JIBU: Mwalimu, mzizi ni mmoja lakini maana si moja. Kitenzi "badili" kimezaa jamaa wengi, na kila kiambishi kinachoongezwa mwishoni hueleza nani ametenda, nani ametendwa, na nani ameshirikiana na nani. Katika somo hili kiambishi ndicho kinachobeba sayansi yenyewe, kwa hiyo mwanafunzi aliyekosea kiambishi ameeleza mwili ambao haupo.

Tuanze na "hubadilika kuwa". Tunasema hivyo pale kitu kimoja kinapoacha hali yake na kuwa kingine, kama barafu inavyobadilika kuwa maji. Ndani ya mapafu oksijeni haipatwi na jambo la namna hiyo: inafika ikiwa oksijeni na inaingia kwenye damu ikiwa oksijeni. Naelewa wanafunzi wanapopotea. Wamesoma kwamba hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na kabonidayoksaidi asilimia 0.04 hivi, na kwamba hewa tunayotoa ina oksijeni kama asilimia 16 na kabonidayoksaidi kama asilimia 4. Wanaona moja imepungua na nyingine imeongezeka kwa kiasi kinachokaribiana, wanahitimisha kwamba ile iliyopungua ndiyo iliyogeuka kuwa ile iliyoongezeka. Hata tukiifuata oksijeni mpaka ndani ya seli, ambako ndiko inakotumika, sentensi hiyo bado haisimami, kwa sababu oksijeni tuliyoivuta hukutana huko na haidrojeni iliyotoka kwenye chakula na mwisho wake ni maji. Kaboni iliyomo katika kabonidayoksaidi tunayoitoa ilitoka kwenye chakula, tuseme ugali wa muhogo alioula mtoto jana usiku. Hapa ningekuomba ukae na darasa kwa muda, kwani kosa hili likiachwa darasa la sita huwa gumu kung'oka baadaye.

Hata hivyo kitenzi "hubadilika" kina mahali pake katika safari hii, na ni vizuri mwanafunzi akioneshwa. Kabonidayoksaidi inapotoka kwenye tishu, yaani makundi ya seli za mwili, na kuingia kwenye damu, karibu asilimia 70 yake hubadilika kuwa bikaboneti, kemikali inayosafiri ikiwa imeyeyuka katika damu, hasa kwa kazi inayofanyika ndani ya chembe nyekundu, na ikifika kwenye mapafu hurudi kuwa kabonidayoksaidi. Hapo "hubadilika" ni neno la haki kabisa.

"Hubadilishwa na" halihitaji maneno mengi. Neno "na" baada ya kitenzi cha kutendwa humtaja mtenda, na kabonidayoksaidi haiitendi oksijeni lolote.

Jibu la tatu ndilo lililokaribia ukweli. Kiambishi "-ana" hudai pande mbili, na kitenzi "badilishana" hudai zaidi ya hapo kitu kinachotoka mkono huu kwenda mkono ule. Mtazame mama aliyekaa na beseni la dagaa akibadilishana na mkulima aliyekuja na muhogo: wanaobadilishana ni mama na mkulima, na vinavyobadilishanwa ni dagaa na muhogo. Hatusemi dagaa na muhogo wamebadilishana. Vivyo hivyo, katika mapafu wanaobadilishana ni hewa na damu, na gesi ndizo zinazopita kati yao. Sentensi iliyonyooka ni "hewa na damu hubadilishana gesi", na kwenye tishu itakuwa "damu na seli hubadilishana gesi". Jina lake ni "ubadilishanaji wa gesi", na mwanafunzi akiliandika aongeze "kati ya", ili pande mbili zionekane.

Ikiwa mwanafunzi anataka gesi zenyewe ziwe kiima, ninapendekeza kitenzi "hupishana". Sababu yangu ni kwamba mama hatoi dagaa mpaka apewe muhogo, ilhali oksijeni haingoji kabonidayoksaidi itoke ndipo iingie. Kila gesi hufuata shinikizo lake, kutoka lilipo kubwa kwenda lilipo dogo, kama watu wanaopishana kwenye gati la kivuko cha Msanga Mkuu, kila mmoja na haja yake. Katika vifuko vya hewa vya mapafu shinikizo la oksijeni ni kama milimita 100 za zebaki (kipimo cha shinikizo), na katika damu inayowasili ni 40, kwa hiyo oksijeni huingia kwenye damu. Kabonidayoksaidi ni kama 45 katika damu na 40 katika kifuko, nayo hutoka. Ukuta unaozitenganisha hewa na damu hauzidi mikromita moja, na mishipa inayouzunguka ni myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita kwa foleni, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikikaa humo kama robo tatu ya sekunde tu. Muda huo huitosha himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, kujaa oksijeni. Kwenye tishu mielekeo ya gesi zote mbili hugeuka, kwa sababu seli zimekwisha kuitumia oksijeni na kuzalisha kabonidayoksaidi.

Niongeze jambo moja ambalo hukuliuliza. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi neno "gesi" limeshikwa sana na gesi asilia, tangu ilipogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na mtoto aliyekulia huko anaweza kudhani ni kitu cha bomba na jiko pekee. Mweleze kabla ya somo kwamba gesi ni hali ya maada, na kwamba hewa ni mchanganyiko wa gesi kadhaa, ukiwemo wingi mkubwa wa naitrojeni.

Katika usahihishaji, jibu la kwanza na la pili yasipate alama. La tatu lipe nusu, kisha juu ya "hubadilishana" andika kwa kalamu nyekundu "hupishana kati ya hewa na damu", umrudishie mwanafunzi aisome sentensi yake upya kwa sauti.